Zinjanthropus hakuwa babu yetu: fuvu la Oldupai na somo tulilofundishwa nusu

Muulize Mtanzania yeyote aliyepita kidato cha kwanza akutajie kitu kimoja anachokikumbuka kwenye somo la Historia. Mwaka wa Mkutano wa Berlin atakuwa ameshausahau, lakini Zinjanthropus atamtaja. Jina gumu, ila limeganda kichwani. Mwache aendelee, atakupa na maelezo yake: fuvu la binadamu wa kwanza, liligunduliwa na Dakta Leakey, Olduvai Gorge, mwaka 1959. Mtihani umekwisha, alama zimepatikana.

Sasa tuikague hiyo sentensi taratibu. Zinjanthropus hakuwa binadamu wa kwanza. Dakta Leakey ambaye wengi humfikiria, yaani Louis, siku hiyo alikuwa amelala kambini na homa. Aliyeliona fuvu ni mke wake, Mary. Jina Zinjanthropus nalo wanasayansi waliliweka kando miaka ya 1960. Hata "Olduvai" lenyewe ni neno lililosikiwa vibaya. Kilichobaki salama ni mwaka tu.

Makala hii haina nia ya kuwacheka walimu. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani na kitabu kimoja hufundisha kilichomo kitabuni. Tunachotaka kujua ni namna kitabu kilivyofika hapo. Historia ya fuvu hili inaonyesha vizuri jinsi sayansi inavyobadilika upesi, jinsi darasa linavyobaki nyuma, na hasara anayoipata mwanafunzi katikati.

Bonde la mkonge pori

Bonde lenyewe liko kaskazini mwa Tanzania, kati ya Ngorongoro na uwanda wa Serengeti. Lina urefu wa karibu kilomita 48, na kuta zake zina tabaka za udongo, mchanga na majivu ya volkano zilizolaliana kama kurasa. Ukiwa chini kabisa unagusa mawe ya miaka kama milioni 2 iliyopita. Ukipanda juu unasogea kuelekea leo.

Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika hapo mwaka 1911, akaokota mifupa ya wanyama wa kale na kuipeleka Ulaya. Wamaasai walimwambia mahali hapo panaitwa Oldupai, jina la mkonge pori unaoota kwa wingi bondeni. Yeye akasikia "Olduvai", akaandika hivyo, na dunia nzima ikafuata. Mwaka 1913 akaja mwenzake Hans Reck kufanya uchunguzi mkubwa zaidi, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikavuruga kila kitu. Louis Leakey, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Kabete nchini Kenya mwaka 1903 na kukua akiongea Kikikuyu kama lugha yake, alifika mwaka 1931 akiwa na Reck huyohuyo. Alipata zana za mawe tele. Aliyezichonga hakumpata.

Kumbuka hali ya wakati huo. Charles Darwin alikuwa ameshabashiri mwaka 1871 kwamba chimbuko la binadamu huenda ni Afrika, kwa sababu ndugu zetu wa karibu, sokwe na gorila, wanaishi huku. Wataalamu wengi wa Ulaya hawakutaka kusikia. Mwaka 1912 Uingereza ilitangaza fuvu la Piltdown kuwa la mtu wa kale kabisa, na wakubwa wa fani wakalikumbatia. Raymond Dart alipochapisha mwaka 1925 habari za fuvu la mtoto wa Taung kutoka Afrika Kusini, wengi walimpuuza wakisema ni sokwe tu. Mwaka 1953 ikathibitika kwamba Piltdown ni utapeli mtupu: fuvu la mtu wa kawaida limeunganishwa na taya la orangutani, meno yakapigwa tupa ili yafanane. Kwa miaka 40 fuvu la bandia la Ulaya lilikuwa limekalia nafasi ya mafuvu halisi ya Afrika. Oldupai ilipopata lake, ulimwengu ulikuwa umeanza kugeuza shingo upande wetu.

Tarehe 17 Julai 1959

Asubuhi ile Mary alitoka kambini na mbwa wake kukagua mteremko. Akaona kipande cha mfupa kimechomoza ardhini. Akafagia udongo kwa uangalifu, akakuta meno mawili makubwa yakiwa bado kwenye taya la juu. Akapanda gari akarudi kambini mbio kumwamsha mumewe. Fuvu lilikuwa limevunjika mamia ya vipande, na Mary ndiye aliyekaa kuviunganisha kimoja kimoja.

Louis akaandika tangazo, likatoka kwenye jarida la Nature mwezi Agosti mwaka huohuo. Jina alilolipa lilikuwa Zinjanthropus boisei. Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulifurahia jina hili. "Zinj" ni neno la kale la Waarabu kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki, lilelile lililomo ndani ya jina Zanzibar. "Anthropos" ni mtu kwa Kigiriki. Basi Zinjanthropus ni Mtu wa Zinj, mtu wa Afrika Mashariki. "Boisei" ni heshima kwa Charles Boise, mfadhili aliyetoa pesa za utafiti.

Kwa kuwa fuvu lilikuwa sehemu moja na zana za mawe, Louis alitangaza kwamba huyu ndiye fundi aliyezichonga, na kwamba yumo kwenye mstari wa moja kwa moja wa kuja kwetu. Mwezi huohuo akalibeba hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kwenye kongamano la Afrika nzima la wataalamu wa historia ya kale. Magazeti yakalipuka. Pesa za National Geographic Society zikaanza kuingia.

Lakini waliolitazama kwa makini waliona jambo. Fuvu lilikuwa na magego mapana ajabu, uso mpana uliobapa, na kigongo cha mfupa kilichopita juu ya utosi kama kishungi. Kigongo kile kilikuwa cha kushikilia misuli mikubwa ya kutafunia. Ubongo wake ulikuwa na ujazo wa karibu sentimita za ujazo 530, kidogo zaidi ya theluthi moja ya wetu. Huyu alifanana sana na viumbe waliokwisha kupatikana Afrika Kusini, wa kundi la kina Australopithecus wenye mataya mazito.

Saa iliyofungwa ndani ya jiwe

Umri wa fuvu nao ulikuwa kitendawili. Louis alikisia miaka kama 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa California walipima majivu ya volkano ya tabaka lile kwa njia ya potasiamu na agoni, wakapata miaka milioni 1.75. Karibu mara tatu ya makisio!

Njia yenyewe si ya kimiujiza, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa. Aina moja ya potasiamu iliyomo kwenye mawe ya volkano hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni, kwa mwendo usiobadilika: nusu yake huisha baada ya miaka bilioni 1.25. Jiwe likiwa bado ujiuji wa moto, gesi yote hutoroka. Likipoa na kuganda, gesi mpya inayozaliwa hunaswa ndani. Kwa hiyo jiwe la volkano ni saa iliyoanza kuhesabu kutoka sifuri siku ile volkano ilipolipuka. Unapima agoni iliyonaswa na potasiamu iliyobaki, unapata umri. Vipimo vya karibuni vimeusogeza umri wa tabaka la Zinj hadi kama miaka milioni 1.84, lakini picha ya mwaka 1961 ilisimama.

Hapa ndipo dunia iliposhtuka kweli. Historia ya jamii ya binadamu ilirefuka kwa kipimo kimoja cha maabara, na ilirefukia Tanganyika.

Kiti kilichukuliwa ndani ya miaka mitano

Sasa kasheshe. Mwaka 1960, si mbali na pale alipopatikana Zinj, na kwenye tabaka la chini yake kidogo, Jonathan, mtoto wa kina Leakey, aliona mifupa mingine: taya la chini la kijana mdogo, vipande vya fuvu, mifupa ya mkono. Meno yake yalikuwa madogo kuliko ya Zinj, na ubongo mkubwa zaidi. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier wakatangaza spishi mpya: Homo habilis, mtu stadi. Ufundi wa zana za mawe ukahamishiwa kwake.

Maana yake ni kwamba Louis mwenyewe, ndani ya miaka mitano, alimwondoa Zinj kwenye kiti alichomkalisha. Mwaka 1967 Tobias alichapisha uchunguzi mrefu wa fuvu lile na kumweka Zinj kwenye jenasi ya Australopithecus. Leo wataalamu wengi humwita Paranthropus boisei. Ni tawi la pembeni la ukoo wetu: lilichipuka, likaishi zaidi ya miaka milioni moja, likakauka bila kuacha uzao.

Pigo la mwisho kwa picha ya mstari mmoja lilitoka Koobi Fora, kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1969 lilipatikana hapo fuvu la ndugu wa Zinj. Mwaka 1975 Bernard Ngeneo akapata fuvu la Homo erectus, kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi, katika mawe ya umri unaokaribiana. Viumbe wawili tofauti wanaotembea kwa miguu miwili walikuwa wakiishi zama moja, kando ya ziwa moja. Basi hawawezi kuwa baba na mtoto katika ngazi moja. Ni kama ndugu wa ukoo mmoja wenye kazi tofauti na chakula tofauti.

Tukitaja chakula: kwa ajili ya meno yale, waandishi wa habari walimwita Zinj "mvunja karanga". Uchunguzi wa miaka ya 2000 na 2010 ulitazama mikwaruzo midogo kwenye meno na aina za kaboni zilizomo ndani yake. Mikwaruzo haikuonyesha mtu wa kuvunja vitu vigumu kila siku, na kaboni ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mlo wake ilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya mafunjo. Mvunja karanga alikuwa mtafuna nyasi. Jina la utani nalo limekufa.

Kwa nini kitabu kiligandia 1959

Ikiwa mengi ya haya yalijulikana miaka mingi iliyopita, kwa nini sentensi ile bado inapita?

Sababu ya kwanza, kwa maoni yetu, ni ya heshima. Tazama tarehe. Fuvu ni la 1959. Kipimo cha umri ni cha 1961, na mwezi Desemba mwaka huohuo Tanganyika ikapata uhuru. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alidai hadharani kwamba Afrika ina historia ya Wazungu waliokuja tu, na kabla yao ni giza. Nchi changa ilihitaji kumjibu. Chuo Kikuu kichanga cha Dar es Salaam kilikuwa kinajenga idara ya historia ya kumpa Mwafrika nafasi katika habari zake mwenyewe. Kitabu cha shule kinachofungua ukurasa wa kwanza na fuvu la Oldupai kilikuwa na jibu zito: kabla ya Vasco da Gama, kabla ya Waarabu, kabla ya piramidi, watu walikuwa hapa. Fuvu likarudishwa nchini, na leo linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Jibu lile lilikuwa la haki, na bado ni la haki. Lakini alama ya taifa ni ngumu kuisahihisha. Zinj alishakuwa kama bendera, na nani anataka kusikia kwamba bendera ni tawi la pembeni?

Cha ajabu ni kwamba heshima yetu haikumhitaji. Laetoli, kilomita kama 45 kusini mwa Oldupai, kuna nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu mabichi ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Mary Leakey na timu yake walizifukua mwaka 1978 na 1979, na mwaka 2016 timu iliyokuwa na Watanzania Fidelis Masao na Charles Musiba ikatangaza nyayo nyingine karibu na hapo. Zile zinahesabiwa kuwa za Australopithecus afarensis, jamii ya Lucy wa Ethiopia, na wataalamu wengi humwona huyo kuwa karibu na mstari wetu kuliko Zinj. Tanzania haipungukiwi kitu tukisema ukweli.

Sababu ya pili ni picha. Mnaijua: foleni ya viumbe, nyuma kabisa aliyeinama, mbele mtu aliyenyooka. Ilichorwa na Rudolph Zallinger kwa ajili ya kitabu cha mwaka 1965 cha F. Clark Howell. Howell huyu ndiye aliyechimba Isimila, Iringa, mwaka 1957 na 1958, kwenye zile zana za mawe tulizosoma chini ya Zama za Mawe. Picha ilikuwa na viumbe 15 mfululizo, na miongoni mwao wamo ambao si mababu wa yeyote. Lakini macho husoma foleni kama foleni: huyu akawa yule, yule akawa huyu. Kichapishe upya kwa wino mweusi kwenye kitabu cha kiada, na mwanafunzi hatapata njia nyingine ya kufikiri. Kinachofaa pale ni mti wenye matawi mengi, mengi yakiwa yamekauka.

Nyani, sokwe na mtoto wa mjomba

Sababu ya tatu imo katika lugha yetu wenyewe. "Binadamu ametokana na nyani." Sentensi hii umeisikia darasani, kijiweni, kanisani na msikitini, mara nyingi ikisemwa ili ichekwe. Na inastahili kuchekwa, kwa sababu si kweli, wala sayansi haijaisema.

Kiswahili kina majina mazuri ya wanyama hawa. Nyani ni yule mwenye mkia na mdomo mrefu kama wa mbwa, anayeiba mahindi. Tumbili na ngedere ni wengine. Sokwe hana mkia, na yuko Gombe na Mahale, Kigoma. Waliotafsiri masomo kutoka Kiingereza waliwamwaga wote kwenye kapu moja la "nyani". Mwanafunzi anayeishi jirani na nyani anafanya jambo la busara kabisa: anamtazama mnyama huyo, anatazama bibi yake, anakataa.

Kisha linakuja swali ambalo kila mwalimu wa Historia analijua: "Mwalimu, mbona nyani wa siku hizi hawageuki watu?" Darasa zima linacheka, mwalimu anafuta ubao.

Swali lile lina jibu, na jibu liko nyumbani. Wewe na mtoto wa mjomba wako mna bibi mmoja. Hukutokana na binamu yako, na wala hatuketi kumsubiri ageuke kuwa wewe. Kila mmoja amefuata njia ya nyumba yake. Sokwe ni binamu yetu wa karibu kuliko wanyama wote walio hai. Tulikuwa na wazazi wamoja takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na viumbe wale hawakuwa sokwe wa leo wala watu wa leo. Nyani ni binamu wa mbali zaidi. Zinj ni binamu wa karibu sana aliyefariki bila mtoto. Jamii zetu zinazojua kutofautisha shangazi na mama mdogo, mpwa na binamu, haziwezi kushindwa kuelewa mti wa ukoo. Kilichokosekana ni mtu wa kuutumia darasani.

"Ni nadharia tu"

Neno jingine lenye matatizo ni nadharia. Mtaani, nadharia ni kinyume cha vitendo: maneno matupu. Ukimwambia mwanafunzi "hii ni nadharia ya mageuko", amesikia "hii ni makisio". Kwenye sayansi nadharia ni maelezo yanayounganisha ushahidi mwingi na ambayo yangeweza kuangushwa na ushahidi mwingine. Ukikuta fuvu la mtu kama sisi kwenye tabaka la chini kabisa la Oldupai, chini ya Zinj, nadharia itakuwa kwenye shida kubwa. Watu wamechimba pale kwa zaidi ya miaka 100. Halijapatikana.

Vitabu vyetu huweka nadharia ya uumbaji na nadharia ya mageuko bega kwa bega, kisha mwanafunzi huachwa achague kama anayechagua timu. Hatudhani mwalimu ana kazi ya kumnyang'anya mtoto dini yake, na wapo waumini wengi wa Ukristo na Uislamu wanaofanya sayansi hii bila kuona ugomvi. Kazi ya mwalimu ni ndogo zaidi na ngumu zaidi: kumwonyesha tumejuaje. Nani aliliona jiwe, lilikuwa tabaka gani, umri ulipimwaje, nani alipinga, nini kilimlazimisha abadili mawazo. Mtoto aliyefundishwa hivyo ana kitu cha kutumia hata kwenye habari za dawa, mbegu au hali ya hewa. Aliyekaririshwa jina na mwaka ana jina na mwaka tu.

Macho yaliyoiona mifupa

Kuna hasara nyingine isiyosemwa. Katika sentensi yetu ya kidato cha kwanza, mgunduzi ni mzungu mwenye cheo. Mtoto anajifunza kimyakimya kwamba mifupa ni ya kwetu, akili ni ya kwao.

Kumbukumbu zinasema zaidi. Kamoya Kimeu, Mkamba kutoka Kenya, alianza kazi Oldupai mwaka 1960 kama kibarua. Mwaka 1964 aliliona taya la chini la Peninj, karibu na Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Taya hilo ni la jamii ya Zinj, ambaye fuvu lake lilipatikana bila taya la chini. Mwaka 1984, Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto za rangi ileile, na kutoka hapo ukafukuliwa mwili karibu mzima wa kijana wa Homo erectus wa miaka kama milioni 1.5. Kamoya alifariki mwaka 2022. Maundu Muluila aliona mwaka 1974 taya la Laetoli ambalo lilitumika kuitambulisha rasmi spishi ya Australopithecus afarensis. Bernard Ngeneo tumeshamtaja. Mwaka 1972 ndiye pia aliyeona fuvu maarufu linaloitwa 1470.

Kazi yao haikuwa bahati ya kuokota. Kutofautisha mfupa wa kisukuku na jiwe, kwenye jua kali, mteremko mzima ukiwa na rangi moja, ni elimu ya miaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na Watanzania sasa wanaandika makala wenyewe. Jackson Njau, kwa mfano, ameonyesha pamoja na mwenzake kwamba baadhi ya mifupa ya kina binadamu wa kale wa Oldupai ina alama za meno ya mamba. Hebu fikiria darasa linalofundishwa hilo: babu zetu na binamu zetu wakienda kunywa maji kwa hofu ileile aliyonayo mtu wa Rufiji.

Kamba ya mita 40

Tumalizie na kitu ambacho mwalimu anaweza kukifanya kesho bila kompyuta wala umeme. Chukua kamba ya mita 40, ipeleke uwanjani. Kila mita moja ni miaka 100,000, kila sentimita ni miaka 1,000. Mwisho mmoja wa kamba ni leo.

Tembea na wanafunzi. Mita 3 kutoka leo, funga kitambaa: mafuvu ya Jebel Irhoud huko Moroko, miongoni mwa Homo sapiens wa kale kabisa wanaojulikana, karibu miaka 300,000. Mita 15: kijana wa Nariokotome. Mita 18 na kidogo: Zinj. Hapo waeleze kwamba mtoto wa taya la mwaka 1960 anasimama karibu palepale, kwa hiyo mweke mwanafunzi mwingine kando yake, si nyuma yake. Mita 32: Lucy. Mita 36 na nusu: nyayo za Laetoli. Kisha warudishe wote hadi mwisho wa leo na uwaulize uhuru wa Tanganyika uko wapi. Uko ndani ya milimita moja.

Waache wasimame pale mita 18, wawili bega kwa bega, halafu umwambie yule anayemwakilisha Zinj aondoke kwenye kamba akiwa amefika kama mita 12, bila kufika leo. Darasa litauliza kwa nini aliondoka. Wataalamu bado wanabishana kuhusu hilo: hali ya hewa, chakula, ushindani na kina Homo. Mwalimu hatakuwa na jibu la kukaririsha. Hapo ndipo somo litakapoanza.